Siku 8 darasani kabla ya Iowa: tathmini ya kozi ya maandalizi kwa maafisa ugani

Kabla sijapanda ndege, daftari langu la safari lilikuwa limeshajaa kurasa 11. Humo mlikuwa na maswali ya wakulima 6 ninaowahudumia, kila swali na aliyeliuliza, ukubwa wa shamba lake na tarehe niliyomtembelea. Nilizijaza kwa sababu kozi ya maandalizi ilinilazimisha. Wenzangu kazini wanaponiuliza kama siku zile 8 za darasani zina faida, huwa nawafungulia kurasa hizo kwanza, ndipo nawaeleza mengine, mazuri na mabaya.

Mimi ni afisa ugani wa mazao, mwaka wa 16 sasa. Tulikuwa washiriki 12: 7 wa mazao, 4 wa mifugo na 1 wa umwagiliaji. Safari ilikuwa ya siku 24 katika jimbo la Iowa, Marekani, kuanzia mwishoni mwa Aprili, majira ambayo wakulima wa kule wanapanda mahindi na soya. Kozi ilikuwa na vipande viwili: wiki 3 za kazi tulizopewa kila mtu akiwa kituoni kwake, kisha siku 8 za kukaa bweni pamoja. Jina la waandaaji naliacha, maana nina lawama kadhaa na nimeshawapelekea wenyewe kwa maandishi. Hapa nataka kumsaidia afisa mwenzangu aliyepata nafasi ya namna hii, na yeyote anayefikiria kuandaa kozi kama hiyo.

Kazi ya kwanza tuliyopewa ilionekana ndogo. Watembelee wakulima wasiopungua 6, wa hali tofauti, umwulize kila mmoja: kama ungekutana na mkulima wa ng'ambo au bwana shamba wake, ungetaka kujua nini? Uandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba kitaalamu. Nilikwenda nikidhani nitarudi na maombi ya matrekta. Mama mmoja mwenye ekari 2 aliuliza, "Wenzetu wanajuaje kuwa siku ya kupanda imefika?" Kijana mmoja aliuliza wa kule waliwashawishije wazazi wao kubadili mbegu, kwa sababu baba yake amekataa kabisa. Mwingine alitaka kujua wanawapimaje viwavijeshi vamizi kabla ya kuamua kupulizia dawa. Na mzee mmoja, ambaye amepokea maafisa ugani wanne tofauti shambani kwake kabla yangu, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Muulize bwana shamba wao ameajiriwa na nani, na mkulima asiporidhika naye anakwenda kusema wapi." Swali hilo nililiandika mkono ukiwa mzito. Lilinihusu.

Darasani maswali yote yalibandikwa ukutani, zaidi ya 70. Mwezeshaji wetu mkuu, afisa ugani mstaafu tuliyemwita Mwalimu, alitumia siku nzima na nusu kuyachambua pamoja nasi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maswali yanayojibika kwa kusoma, hivyo hayana haja ya kusafirishwa. La pili ni yale ambayo lazima uende ukaone na kuuliza palepale. La tatu ni maswali ambayo mahali tunapokwenda hapawezi kuyajibu hata wenyeji wakitaka.

Swali la viwavijeshi lilituonyesha umuhimu wa fungu la tatu. Wadudu hawa asili yao ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, na Afrika walithibitishwa kuingia mwaka 2016. Kwa hiyo wengi wetu tulikuwa na hakika kwamba tunakwenda kwenye chimbuko la tatizo na tutarudi na dawa. Mwalimu akachora ramani ubaoni. Iowa iko kaskazini, baridi yake inawaua, na wanaoonekana kule huwa wamepeperuka kutoka kusini, pande za Florida na Texas ambako wanaweza kuvuka kipupwe. Mkulima wa Iowa anasumbuliwa zaidi na mdudu wa mizizi ya mahindi. Ungemwuliza habari za viwavijeshi angekujibu kwa heshima, wala usingepata kitu. Ndipo swali likageuzwa: mnakaguaje shamba, mnasimama sehemu ngapi, mnahesabu mimea mingapi, na mnafikia uamuzi wa kupulizia kwa kipimo gani? Hilo mtu wa Iowa analijibu vizuri sana, kwani ukaguzi wa shamba ni kazi yake ya kila msimu. Nililiuliza nikiwa kando ya shamba, na maelezo niliyopewa yalichukua kurasa mbili.

Swali la kijana lilikwenda fungu la kwanza, nami nikaona aibu kwamba sikulijua jibu lake. Mwaka 1943 watafiti wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha utafiti wao kuhusu jinsi wakulima wa jamii mbili za Iowa walivyopokea mahindi chotara. Kati ya wakulima 259 waliohojiwa, ni 2 tu ambao hawakuwa wameyapokea kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1940. Habari za mbegu hiyo wengi walizisikia kwanza kwa wauzaji, lakini aliyewafanya waamini ni jirani aliyeipanda. Na hata walioamini walianza na kipande kidogo cha shamba, wakaongeza mwaka hadi mwaka. Nilimpelekea kijana jibu hilo kabla ya safari. Ameshampa baba yake mistari minne ya mahindi ailinganishe mwenyewe na mbegu yake. Faida hiyo ilipatikana tukiwa bado hatujapewa hata viza.

Lawama yangu ya kwanza inaanzia hapahapa. Mwalimu alikuwa mtu wa mazao, na maswali ya mifugo hakuwa na uwezo wa kuyachuja vile. Waandaaji hawakumleta mwingine. Wenzetu wanne wa mifugo waliondoka na maswali yao kama yalivyokuwa, mengi kuhusu mbuzi wachache wa maziwa wanaofugwa nyuma ya nyumba, wakaenda kwenye jimbo linaloongoza Marekani kwa kufuga nguruwe, maelfu kwa maelfu ndani ya banda moja. Dada mmoja katika hao aliniambia siku ya kumi ya safari kwamba amechoka kuuliza na kuambiwa "hilo hatuna". Ni mtaalamu mzuri kuliko mimi. Alistahili kuandaliwa kama nilivyoandaliwa mimi.

Kipindi nilichotaka kukikwepa kilikuwa kile cha historia ya ugani wa nchi tunayokwenda. Ratiba ilikipa saa 4, nami nilidhani ni kujaza muda. Kumbe ndicho kilichonifanya nielewe nilichokuwa nakiangalia baadaye. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 ilitoa ardhi ya serikali kuu ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi majimboni, na Iowa ilikuwa jimbo la kwanza kuikubali. Sheria ya Hatch ya 1887 ikaongeza vituo vya utafiti. Sheria ya Smith-Lever ya 1914 ikaleta mguu wa tatu, yaani huduma ya ugani inayogharamiwa kwa pamoja na serikali kuu, jimbo na kaunti, ikiwa chini ya chuo kikuu. Chuo, utafiti na ugani vikawa nyumba moja. Mtu aliyezoea ugani kuwa idara ya wizara, utafiti taasisi nyingine na chuo kikuu mahali pengine kabisa, asipoelezwa haya mapema atauliza maswali ya ajabu. Mmoja wetu ambaye hakuhudhuria kipindi hicho alimwuliza mwenyeji wetu makao makuu ya wizara wanampangia malengo mangapi kwa mwezi, na mwenyeji hakuelewa anaulizwa nini.

Mwalimu alituambia pia habari za George Washington Carver, ambaye alisoma katika chuo kilekile tulichokuwa tunakwenda, mjini Ames. Alizaliwa utumwani, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi pale, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili 1896, kisha akaenda kufundisha katika chuo cha Tuskegee, jimbo la Alabama. Mwaka 1906 Tuskegee ikatoa gari la kukokotwa na nyumbu, likiitwa gari la Jesup, likiwa limebeba zana, mbegu na vifaa vya kufundishia, likienda kuwafuata wakulima maskini weusi mashambani mwao badala ya kuwangoja waje chuoni. Thomas Monroe Campbell, aliyelisimamia, anahesabiwa kuwa afisa ugani wa kwanza mweusi wa serikali ya Marekani. Nimepanda pikipiki ya kazi miaka 16, nikiwa na mbegu mkobani na bango la karatasi limefungwa nyuma. Siku ile darasani nilijua kazi yangu ina babu zake, na nilikwenda Iowa nikiwa nimenyoosha mgongo.

Na lile swali la mzee? Katika kipindi hicho ndimo tulimojifunza kwamba Iowa ina kaunti 99, na kwamba ugani wa ngazi ya kaunti husimamiwa na baraza la watu 9 wanaochaguliwa kwa kura na wananchi wa pale. Baraza ndilo linaloamua fedha za ugani za kaunti zitumike kwa programu zipi. Nisingelijua hilo nisingeomba. Ratiba yetu ya jioni moja ilikuwa kwenda kuangalia mitambo ya kupandia kwa muuzaji wa zana. Niliandika barua pepe wiki 2 kabla ya safari nikiomba mimi na mwenzangu mmoja tuhudhurie kikao cha baraza badala yake. Mwenyeji alikubali, akasema hajawahi kupata mgeni aliyeomba hivyo. Tulikaa kiti cha nyuma saa 2 nzima tukisikiliza mkulima, mwalimu wa shule na mama mmoja mstaafu wakimwuliza mkurugenzi wao kwa nini mafunzo fulani yalihudhuriwa na watu wachache. Aliwajibu kwa takwimu, nao wakamwuliza tena. Katika siku zote 24, saa hizo 2 ndizo ninazozikumbuka usiku.

Nusu siku ya vipimo ilikuwa ya manufaa kupita inavyoonekana kwenye ratiba. Kule mavuno husemwa kwa busheli kwa ekari. Busheli ya mahindi huhesabiwa kuwa ratili 56, sawa na kilo 25.4, ilhali ya soya au ngano ni ratili 60, kilo 27.2. Tulifanya hesabu mpaka zikakaa kichwani: busheli 1 ya mahindi kwa ekari ni karibu kilo 63 kwa hekta. Ratili 1 ya mbolea kwa ekari ni kilo 1.12 kwa hekta. Mistari ya inchi 30 ni sentimita 76, yaani karibu sawa na ile tunayoifundisha sisi. Mavuno yao ya mahindi huhesabiwa kwa unyevu wa asilimia 15.5, hivyo ukilinganisha mavuno bila kuuliza unyevu unajidanganya. Kila mtu alitengeneza kadi yake ya mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, na Mwalimu alikataa katakata kutugawia iliyochapishwa. Alikuwa sahihi. Mkulima aliposema mwaka uliopita alipata busheli 200, kabla hajamaliza sentensi nilijua ni tani 12 na nusu kwa hekta, nikaweza kumwuliza kuhusu mbolea na idadi ya mimea wakati wenzetu kutoka kundi jingine bado wanatafuta kikokotoo kwenye simu.

Swali la mama wa ekari 2 lilipata jibu lake kwenye kadi hiyohiyo. Mkulima wa Iowa hupima joto la udongo kwenye kina cha inchi 4, sentimita 10 hivi, na hungoja lifike nyuzi 50 za Farenhaiti, ambazo ni 10 za Selisiasi, huku utabiri ukionyesha joto litaendelea kupanda. Mama yule hangoji joto, anangoja mvua. Hata hivyo nilipomweleza, alishika jambo ambalo mimi sikulitarajia: kwamba wanachimba na kupima chini, hawaangalii juu tu. Sasa anachimba kwa jembe kuona unyevu umeshuka kiasi gani kabla ya kutia mbegu.

Kipindi cha usalama wa mifugo na mimea nakipa alama za juu kuliko vyote baada ya kile cha maswali, na nasema hivi nikiwa mtu wa mazao. Afisa ugani ni mtu hatari kusafiri. Leo yuko zizini, kesho uwanja wa ndege, keshokutwa zizi la watu wengine. Marekani haijapata ugonjwa wa miguu na midomo tangu 1929. Uingereza ilipoupata mwaka 2001, wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa. Daktari wa mifugo aliyetufundisha alituagiza buti za kazini zibaki nyumbani, na viatu vingine visuguliwe kwa brashi na sabuni mpaka kwenye mifereji ya soli, kisha vipitishwe kwenye dawa ya kuua vijidudu. Ukifika mpakani ukaulizwa kama umekuwa shambani au karibu na mifugo, sema ndiyo. Hutafungwa kwa kusema ndiyo, bali watakagua viatu vyako na kukuruhusu. Kuficha ndiko kunakoharibu safari ya kundi zima.

Daktari huyo ndiye aliyeokoa ratiba yetu. Mashamba mengi ya nguruwe kule hayaruhusu mgeni kutoka nje ya nchi kuingia mabandani mpaka zipite siku kadhaa tangu afike, na siku 5 ndizo zinazotajwa mara nyingi. Ratiba iliyochapishwa ilituweka shamba la nguruwe siku ya pili. Iliona macho ya watu wengi na kila mtu aliipitisha. Daktari aliiona siku ya sita ya kozi, akasimama katikati ya somo, akataka simu ipigwe mara moja. Ziara ikasogezwa hadi siku ya tisa. Isingekuwa yeye, wenzetu wa mifugo wangeishia getini.

Kuhusu mbegu alikuwa mkali vilevile. Mwenzetu mmoja alitaka kuchukua magunzi yenye punje za mahindi yake ya asili awaonyeshe wenyeji. Mimi, kusema kweli, nilikuwa nimeshapanga kurudi na punje chache za kule. Alitueleza kwa nini mbegu huvuka mpaka kwa cheti cha afya ya mimea na kibali, akatukumbusha kwamba mdudu tunayepambana naye kila msimu hakuja kwa miguu. Tulikwenda na picha, tukarudi na picha.

Sasa karatasi. Hapa kozi iliniudhi. Tulisafiri kwa viza ya J-1, inayotolewa kwa wanaokwenda kwa programu za kubadilishana ujuzi, na fomu ya DS-2019 inayotangulia viza hiyo ilichelewa kutufikia kwa sababu waandaaji walituma majina yakiwa yamekosewa herufi. Makosa ya herufi yanasameheka. Kisichosameheka ni hiki: baadhi ya wenye viza ya J-1, hasa wanaogharamiwa na serikali, hubanwa na kanuni ya kukaa nchini kwao miaka 2 baada ya programu kabla ya kuomba aina fulani za viza za kazi au ukaazi wa kudumu. Sisi tuliambiwa siku ya saba, viza zikiwa zimeshagongwa. Mmoja wetu alikuwa na mipango ya kifamilia iliyogongana na kanuni hiyo moja kwa moja. Huenda angekwenda hata hivyo, lakini alikuwa na haki ya kuamua akiwa anajua. Jambo hilo liwekwe siku ya kwanza, saa ya kwanza, na kila mtu apewe muda wa kuisoma viza yake mwenyewe.

Siku ya adabu za ugenini ilikuwa ndefu bure. Slaidi zilikuwa za watu wa biashara, namna ya kubadilishana kadi na kuvaa tai. Sisi tulihitaji masikio. Kiingereza cha mkulima anayeongea huku trekta inanguruma, akikata maneno na kutaja zana kwa majina ya mkato, hakifanani na cha taarifa ya habari. Siku yangu ya kwanza shambani nilipoteza karibu nusu ya yaliyosemwa, na nilikuwa miongoni mwa waliozungumza lugha hiyo vizuri katika kundi. Ingetosha kutuchezea sauti za wakulima wa kule kila asubuhi kwa nusu saa. Mazoezi ya kueleza kazi yako kwa dakika 5 yalikuwepo na yalisaidia, ila yalibanwa jioni ya mwisho, watu wamechoka.

Hakuna aliyetuuliza nani atashika maeneo yetu tukiwa mbali. Nadhani ni kwa sababu kozi zote za namna hii humtazama msafiri peke yake. Mimi nina wakulima zaidi ya 300 katika orodha yangu. Niliwaachia namba ya mwenzangu wa eneo jirani kwa hiari yake, kwa makubaliano ya mdomo. Dada mmoja mwenye mtoto mchanga alijipangia kila kitu peke yake, akiambiwa tu kwamba "mambo ya nyumbani ni ya mtu binafsi".

Kasoro kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni jinsi marejeo yalivyoachwa mwisho. Mpango wa kazi baada ya kurudi ulipewa saa 2 za alasiri ya siku ya nane, kwa fomu yenye visanduku vya kujaza: shughuli, muda, bajeti, kiashiria. Watu walijaza huku wanafunga mabegi. Nimeiona fomu yangu juzi, na nakiri nilichoandika hakina uhai: "kuwajengea uwezo wakulima". Wakati huohuo ukutani kwetu kulikuwa na maswali zaidi ya 70 yenye wenyewe. Mpango wa kurudi ulikuwa umeshaandikwa pale, ulichokosa ni tarehe. Kila mshiriki angetakiwa kupanga, kabla ya kuondoka, siku na mahali atakapokutana na wakulima wake 6 kuwapelekea majibu, na waandaaji wangepiga simu siku hiyo kuuliza imekuwaje, safari nyingi zingezaa kuliko zinavyozaa sasa. Katika sisi 12, ninaowajua kuwa wamerudi kwa wakulima wao na majibu ni 5. Nimelisema hili kwa waandaaji kwa maneno makali kuliko haya, na watayafanyia kazi wakitaka, maana kozi yao ina msingi mzuri.

Ukipata nafasi, nenda. Nikitakiwa kutoa alama naipa 7 kwa 10, na 7 hizo karibu zote ni za Mwalimu na daktari wa mifugo. Lakini kabla ya kukubali uliza kama kuna mwezeshaji wa fani yako mwenyewe, siyo wa fani jirani. Omba ratiba ya ziara mapema uisome kwa jicho la afisa ugani. Taka kujua aina ya viza na masharti yake kabla hujatia saini popote. Na kama kozi unayopewa haina kazi ya kwenda kwa wakulima kwanza, ifanye hata kama hujaagizwa. Inahitaji daftari, kalamu na siku 3 za kutembea.

Wiki 2 baada ya kurudi niliwakusanya wale 6 kwenye shamba darasa, chini ya mti. Nilisoma kila swali kwa sauti, nikamtaja aliyeliuliza, kisha nikatoa jibu. La mzee niliweka la mwisho. Nikamweleza baraza la watu 9, kura, kikao nilichokaa kiti cha nyuma, na namna mkurugenzi alivyobanwa kwa maswali. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Kisha akauliza, "Na hao 9 wakiwa wote ni wakulima wakubwa, mwenye ekari 2 anasemewa na nani?"

Sikuwa nimeuliza hilo. Nimelifungulia ukurasa mpya, jina lake na tarehe, na jana usiku nimemwandikia mwenyeji wangu wa Ames.